Nipe Jumamosi

Nakorowiri, Kadavu
6 Februari 1984

Orisi, mwana wa dada yangu, panya wa mgodini,

Nyumba nzima inakusalimu, pamoja na wale kuku wachache uliotubakizia ulipoondoka. Mke wangu Salote ni mzima, isipokuwa mdomo, ambao haujapumzika tangu upepo wa Januari ulipotung'olea bati la jikoni. Mama yako alivuka kilima kutoka Waidule wiki iliyopita akalala kwetu. Amenenepa. Usimwambie nimesema.

Sasa kaa chini. Kama umeshakaa, kaa vizuri.

Unajua kombe la raga la kisiwa halijaingia Nakorowiri tangu mimi mwenyewe nilipokuwa na meno yote. Kila Agosti tunafungwa, na mara nyingi tunafungwa na Waidule, kijiji cha baba yako, na anayetufunga ni wewe, mtoto tuliyekulea nusu ya maisha yako kwa magimbi yetu. Mwaka jana ulipotupita pembeni, bibi mmoja wa kwaya yetu alikutukana mpaka mchungaji akajifanya anakohoa. Nikasema imetosha.

Nilichukua lile jino la nyangumi tulilopewa kwenye msiba wa bibi yako. Nikaoga, nikajifunga sulu nyeusi kiunoni, tukaenda Waidule wazee wanne. Tukakaa mkekani. Nikalinyanyua jino kwa mikono miwili, nikasema tumekuja kumwomba Orisi avae jezi yetu mwaka huu. Baba yako Netani akaangua kicheko.

"Shemeji," akasema, "ungeomba mashua ningekupa na injini yake. Huyo ndiye winga wetu!"

"Mashua haikimbii pembeni," nikamjibu.

"Na sisi tubaki na nani? Tukimbize mbuzi?"

Lakini mzee wao alikuwa ameshanyoosha mkono. Alilipokea, akalibusu, wakapiga makofi. Basi limekwisha, mwanangu. Unajua kama ninavyojua kwamba jino likishapokelewa, kilichoombwa kimetolewa. Waidule wamekutoa, sisi tumekupata. Tutakuchinjia nguruwe siku ukishuka melini.

Najua hakuna aliyekuuliza. Lakini tangu lini winga akaulizwa?

Mjomba wako,
Setoki


Vatukoula
2 Machi 1984

Mjomba,

Shikamoo, na umfikishie Salote salamu zangu. Barua yako imekaa posta siku kadhaa kwa sababu nilikuwa zamu ya mchana na posta hufungwa kabla sijapanda juu.

Huku joto ni kali. Chini ya ardhi tunafanya kazi kifua wazi, na jasho likikauka mtu anabaki na chumvi kama samaki wa kubanikwa. Bweni la wafanyakazi nilishahama tangu mwaka jana, nimepanga kwa mzee mmoja anaitwa Epeli. Nyumba ni safi na wananipikia. Mwambie mama ninakula.

Kuhusu nguruwe, msimsumbue. Samaki wa tui watanitosha.

Fainali bado inachezwa Jumamosi?

Mpwa wako,
Orisi


Nakorowiri
11 Aprili 1984

Orisi,

Tunashukuru kwa sabuni na kitambaa. Salote ameshakishona, na amekwenda nacho kanisani akapita mlango wa mbele badala ya ule wa pembeni ili watu wamwone.

Mechi za taifa letu huko Hong Kong umezisikiliza? Sisi tulianika betri juu ya paa siku mbili nzima zipate nguvu, na bado redio ikawa inapotea na kurudi. Watu walijazana nyumbani kwangu mpaka nguzo ikalia. Mechi za mwisho ziliangukia Jumapili, na mimi, mhubiri mzima, nikaitia redio chini ya mto ili isisikike barabarani. Mchungaji akapita. Akasimama dirishani, akaniuliza nani ana mpira. Nikamwambia sisi. Akasema "vizuri," akaendelea na safari yake taratibu sana. Kusikiliza si kucheza. Tulipotwaa kombe, kijiji kizima kililia, na watoto wakatoka mbio kucheza ufukweni na chupa iliyojazwa majani, tukawafukuza kwa fimbo kwa sababu ya siku yenyewe.

Kuhusu swali lako: Alhamisi na Ijumaa ni makundi na nusu fainali, na Jumamosi ni fainali, kama ilivyokuwa tangu kisiwa hiki kiitwe kisiwa. Nimeshangaa unauliza. Umecheza fainali ngapi wewe?

Mazoezi yanaendelea. Tunao wakimbiaji wawili, wababe watatu, na Sakiusa. Sakiusa ana moyo, lakini hakimbii. Anatembea kwa haraka. Ndiyo maana ukisikia mama yako anavuka kilima kila wiki kuja kuniuliza habari zako, ujue na mimi ninamwuliza yeye.

Kuna jambo dogo. Inoke, msaidizi wangu wa ukocha, alikwenda huko kwenu kutafuta kipuri cha injini. Anasema alikuona Jumamosi asubuhi umevaa suruali ndefu na tai, na Biblia mkononi, ukiongozana na watu. Nimemwambia macho yake yameharibika kwa kunywa yaqona. Kijana anayeitwa Orisi asubuhi ya Jumamosi yuko uwanjani. Nimemwambia amemwona mwingine.

Kula vizuri. Kimbia kilima kila asubuhi.

Setoki


Vatukoula
20 Mei 1984

Mjomba,

Natumaini mko salama. Samahani nimechelewa, kazi ni nyingi.

Goti linanisumbua. Linavimba jioni. Sijui kama litapona kabla ya Agosti, na pia likizo si ya uhakika, maana msimamizi wetu hataki watu waondoke kwa wakati mmoja. Labda mzee wa Waidule anaweza kuombwa alirudishe lile jino kwa heshima, na mkaomba mtu mwingine. Ninasema labda tu.

Msalimie mama. Mwambie alale mapema.

Orisi


Nakorowiri
9 Juni 1984

Orisi,

Salamu. Salote mzima, dari bado inavuja, meli imeharibika tena na barua yako imekuja kwa mashua ya wavua kamba ikinuka ipasavyo.

Goti lipi?

Nauliza kwa sababu mama yako naye amepata barua. Yake inasema goti la kushoto. Mchumba wa binamu yako ameambiwa la kulia. Ama una magoti mengi kuliko Wakristo wengine, ama unanidanganya, na mimi nilikufundisha kuogelea kwa kukutupa majini, kwa hiyo najua sura yako ukidanganya hata kama sikuoni.

Kurudisha jino? Mwanangu, umekaa mgodini mpaka umesahau ulikozaliwa? Waidule wamefanya mazoezi miezi minne bila winga wao kwa sababu walipokea jino langu. Baba yako amechekwa na wazee wenzake kila jioni kwenye bakuli la yaqona. Nikirudi leo nikisema Orisi haji, nitakuwa nimewatemea mate. Na kijiji changu kimeshaimba nyimbo. Kina mama wameuza mikeka kununua jezi. Namba yako imeshonwa.

Silali. Ninaamka natembea uwanjani, nazunguka milingoti ya goli, nasema na nafsi yangu kama kichaa. Salote ananiuliza nina nini, nasema ni mbu.

Basi na mimi nikuulize kitu ambacho sikutaka kukuuliza. Unasali siku gani?

Mjomba wako


Vatukoula
4 Julai 1984

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nimesimama, kwa sababu nikikaa nitaichana tena.

Ninasali Jumamosi. Nilibatizwa mtoni mwaka jana mwezi wa kumi na moja, kabla hujabeba jino kwenda Waidule. Magoti yangu yote mawili ni mazima. Nisamehe kwa uongo huo, na kwa kumdanganya mama.

Utataka kujua nani amenipumbaza. Hakuna. Mzee Epeli ninayepanga kwake ni Msabato. Ijumaa jua likizama wanazima redio, wanaimba kidogo, wanakula chakula kilichopikwa mchana. Mara ya kwanza nilikwenda nao kanisani kwa sababu ya tumbo tu, maana sikutaka kubaki nikila peke yangu. Nikakaa benchi la nyuma. Baada ya ibada mwanamke mmoja akanisogelea, akaniuliza jina langu, akaniuliza jina la mama yangu, akaniuliza kama sioni hofu kule chini ya ardhi. Nikangoja aniulize kuhusu mpira. Hakuniuliza. Wakaja wengine, nao hawakuuliza.

Mjomba, tangu nikiwa mtoto ninayekimbiza chupa ufukweni, hakuna mtu aliyewahi kunisalimia akaishia hapo. Kondakta wa basi anauliza mguu. Daktari anauliza mguu. Hata kwenye msiba wa bibi, mtu alinishika mkono akalia, halafu akaniuliza kama nitacheza Suva. Nilipokataa kujiunga na timu ya hapa mgodini, wenzangu waliacha kunisogezea maji. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo mimi ni mtoto wa mama yangu Laniana, basi. Sijui kama nilichompata kwanza ni Mungu au ni huo utulivu. Sasa siwezi kuvitenganisha.

Usifikiri nimeacha kuupenda mpira. Nikipita uwanjani jioni miguu inaniwasha. Ninageuza uso. Usiku natupa shuka kwa mateke.

Na usinihubirie. Nyinyi Jumapili hamchezi, lakini mnamfunika mtangazaji wa Hong Kong kwa mto.

Sasa nasema lile nililosimama kuliandika. Mimi ni vasu kwenu. Mtoto wa dada yenu akigusa kitu Nakorowiri, ni chake, na hakuna wa kumzuia. Nimechukua kwako kuku, panga, chandarua, ile suruali ya harusi yako niliyoichana nikipanda mnazi. Hukuwahi hata kukunja uso. Leo nanyoosha mkono tena. Nipe Jumamosi. Alhamisi ni yenu. Ijumaa ni yenu mpaka jua lizame. Kuanzia hapo mpaka jua la Jumamosi lizame ni yangu. Najua umefungwa na jino. Naomba hata hivyo.

Mpwa wako,
Orisi


Vatukoula
8 Agosti 1984

Mjomba,

Meli imepita mara mbili na hakuna barua yako. Nimemwuliza karani wa posta mpaka amechoka kuniona.

Likizo nimeipata. Nitashuka Jumatano na meli ya kwanza. Sijui ninakuja kwa nani. Hata ukinitukana ni jibu, mjomba. Niandikie neno moja.

Orisi


Nakorowiri
6 Septemba 1984

Orisi,

Nimekaa siku nyingi bila kukuandikia, na kabla ya hapo nilikaa mwezi mzima bila kukujibu. Ulipofika Jumatano ulinitazama usoni ukitafuta jibu, nami nikakupa jezi na kukuambia Alhamisi saa nne asubuhi uwe uwanjani. Nilikuwa nimeibeba barua yako kwenye mfuko wa shati mpaka jasho likafuta maneno, nikizunguka nayo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mchungaji wetu nilimficha. Salote nilimficha. Wazee wangesema nini? Kwamba nimeomba winga kwa jino la nyangumi na nimeletewa winga wa siku mbili?

Alhamisi ulitutia wazimu wote. Nakiri. Ulipomkwepa yule mrefu wa kusini akabaki amekumbatia hewa, nilimbusu Inoke mdomoni.

Nataka nikueleze Ijumaa, maana wewe ulikuwa ndani na mimi nilikuwa pembeni, na hatukuona mchezo mmoja.

Mvua ya mchana ndiyo iliyotuponza. Kama isingenyesha, nusu fainali ingeanza mapema na kila mtu angekwenda zake. Ikaanza jioni, na kwa bahati yetu mbaya ni dhidi ya Waidule. Baba yako alisimama upande wa pili wa mstari, akipaza sauti, "Netani amezaa adui! Netani amezaa adui!" na watu wanacheka, na yeye mwenyewe macho yanameremeta kila ukiushika mpira. Kipenga cha mwisho kikalia tuko sare. Refa akasema tuendelee mpaka mmoja afunge.

Wote mlikuwa mnaangalia mpira. Mimi nilikuwa naangalia mwamba wa magharibi. Jua lilikuwa limebaki upana wa vidole. Nyuma yangu kijiji kizima kinaimba jina lako. Salote anaimba, yeye ambaye haimbi hata kanisani. Orisi, nilikuwa najua tunashinda. Waidule walikuwa wamechoka, winga wao anashika kiuno, na mpira ulikuwa unaelekea upande wako. Nimengoja mpira huo tangu ujana wangu.

Nikamwita refa. Nikasema mchezaji wangu ameumia goti.

"Goti lipi?" akaniuliza, maana hakuona kitu.

"La kushoto," nikasema. Mimi, mhubiri.

Nikamwingiza Sakiusa. Ulitoka bila kunitazama ukapita moja kwa moja kuelekea kijijini. Skramu, ule msukumano wa wababe, ikavunjika, wakaupeleka mpira pembeni, pale pale ulipokuwa umesimama, na winga wao mchovu akampita Sakiusa akitembea, nasema kweli, akitembea, akauweka chini katikati ya milingoti; wamefunga, mchezo umekwisha. Jua halikuwa limemaliza kuzama. Jumamosi wakachukua kombe.

Kijiji kinasema nimeuza mchezo kwa shemeji. Eti lile jino lilikuwa mchezo wa kuigiza, tulipanga tangu Februari. Jioni bakuli la yaqona linazunguka, linanifikia la mwisho, baada ya vijana. Ukocha wamempa Inoke. Nilipeleka jino jingine kwa wazee wetu kuomba radhi, nikaliweka mkekani, nikasema maneno yote yanayopasa. Hawakulikataa. Hawakulishika pia. Walizungumza habari za mvua, na jino limekaa pale mbele yao mpaka nikalichukua nikarudi nalo nyumbani. Sijawahi kuaibika hivyo maishani mwangu.

Sijawaambia sababu. Ni yako, si yangu kuitangaza. Wakiniuliza nasema goti.

Jumatatu sikuja gatini kukusindikiza. Nilikuwa na hasira na wewe, na nilikuwa ninakulilia, vyote kwa pamoja, na sikutaka mabaharia waone. Uliniomba. Wewe ni vasu wangu. Nimekupa.

Setoki


Vatukoula
30 Septemba 1984

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za posta, na watu wakanipita na kuniruka.

Siwezi kuacha ubaki ukifikiri hivyo, kwa hiyo nakuambia, na ukitaka kunikana baada ya hapa unikane.

Sikuliona jua.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimejiapiza kwamba nitalitazama, na likifika mwambani nitavua jezi nitoke, hata kama baba atanilaani. Halafu mchezo ukaanza. Uliponiita mimi nilikuwa sikumbuki jua, sikumbuki Epeli, sikumbuki mto niliobatizwa, wala barua niliyokuandikia nikiwa nimesimama. Nilikuwa nataka mpira uje upande wangu. Hicho tu. Nilikuwa nimeshaona njia, kati ya yule mnene na mstari, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kanisani. Uliponitoa nilikuchukia. Nilikuita jina ambalo, nashukuru, kelele za watu zililimeza. Nilipofika karibu na nyumba yako ndipo nilipoona kuwa kunakuwa giza, nikakumbuka nilichokuomba.

Jumamosi nilikaa kando ya kijito na Biblia imefunguliwa magotini. Nilisikia fainali yote. Nilijua kwa kelele tu nani ameuchukua mpira na nani ameuangusha. Sikusoma hata mstari mmoja. Miguu yangu ilichimba shimo matopeni.

Kwa hiyo umelipa bure. Umepoteza kombe, na ukocha, na heshima yako mbele ya wazee, kwa ajili ya kitu ambacho wakati ule mwenye kukiomba hakukitaka. Ningebaki uwanjani, mjomba. Ningefunga. Mngeshinda, na kesho yake ningecheza fainali pia, najijua, nikishaanza siachi.

Waambie wazee. Waambie kosa ni langu, kwamba niliomba kisha nikasahau. Nitakuja mwenyewe kuketi mkekani ukitaka. Bado ninakwenda kanisani Jumamosi, na sasa nakaa benchi la nyuma kwa sababu nyingine.

Sijui nikuite nani. Nisamehe.

Orisi


Nakorowiri
18 Oktoba 1984

Orisi, mwanangu,

Mama yako ni mzima. Salote ni mzima, na ameanza tena kuzungumza na mimi, jambo ambalo lina hasara zake. Sakiusa anaoa. Wazee bado hawajalishika lile jino, ila jana mmoja aliniuliza kama nina tumbaku. Nikampa yote niliyokuwa nayo.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Hutakuja kuketi mkekani, na mimi sitawaambia kitu.

Unaniambia hukuliona jua kana kwamba ni habari. Nimekuangalia ukicheza tangu huna meno ya mbele, Orisi. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwako. Niliona macho yako, nikajua hutatoka mwenyewe, na nikajua utakavyojiona keshoye. Kama ungeligeukia lile jua hata mara moja, ningekuacha uchague.

Yule aliyeniandikia Julai ndiye aliyeniomba. Nilimpa yeye.

Mjomba wako,
Setoki